Nani Alipie Makisio Mabaya?

Kati ya Novemba 2022 na Machi 2023 kampuni nne za teknolojia za Marekani, nazo ni Meta, Amazon, Microsoft na Alphabet inayomiliki Google, zilitangaza kuwaachisha kazi watu wapatao 70,000, na wengi wa wakuu wao, walipotakiwa kueleza sababu, walishika udhuru mmoja: kwamba katika miaka ya maradhi ya UVIKO-19 waliajiri watu wengi kuliko kazi iliyokuwapo. Udhuru huo ulipokewa na magazeti, na wenye hisa, na hata na baadhi ya walioachishwa, kana kwamba ni jawabu kamili, ilhali kwa mtu aliyeishi ndani ya shughuli hii jawabu hilo ndilo swali lenyewe. Rai yangu ni kwamba kuajiri kupita haja na kupunguza watu kwa mkupuo ni tendo moja lililogawanywa katika vipindi viwili, na litaendelea kutendeka kila riba inaposhuka na kupanda, maadamu mwenye kukisia hapati hasara ya makisio yake, na mwenye kupata hasara hakushirikishwa katika kukisia.

Tuzitazame hesabu. Mwishoni mwa 2019 Meta, ambayo siku hizo iliitwa Facebook, ilikuwa na waajiriwa 44,942, na kufikia Septemba 2022 walikuwa 87,314, yaani karibu maradufu katika muda usiotimia miaka mitatu. Alphabet ilitoka 118,899 mwishoni mwa 2019 ikafika 190,234 mwishoni mwa 2022. Hata katika tijara iliyo imara, kuwapokea watu wengi kiasi hicho, kuwafunza, kuwapatia wasimamizi na kuwapa kazi yenye maana ni jambo lisilowezekana kwa kasi ile, pasipo wengi kubaki wakiingoja kazi iwafikie. Mark Zuckerberg, mkuu wa Meta, katika barua ya tarehe 9 Novemba 2022 aliyowaagia watu 11,000, alikiri kuwa aliamini ongezeko la biashara ya mtandaoni lililoletwa na maradhi lingedumu baada ya maradhi kwisha, nalo halikudumu. Na miezi michache kabla yake Tobi Lütke, mkuu wa kampuni ya Shopify, alikuwa amesema maneno ya namna hiyo alipopunguza asilimia kumi ya watu wake. Siwatuhumu kusema uongo. Nasema walieleza kosa la macho, wakaacha kueleza kwa nini macho ya watu wengi mno, tena wenye wataalamu wa takwimu wanaolipwa vizuri kuliko karibu wote ulimwenguni, yalikosea upande mmoja na kwa wakati mmoja.

Sababu iliyo kubwa kuliko zote ni bei ya fedha. Tangu Machi 2020 hadi Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani iliiweka riba yake karibu na sifuri. Riba ikiwa hivyo, dola itakayopatikana baada ya miaka kumi huhesabiwa karibu sawa na dola iliyo mkononi leo, kwa hiyo mwenye mtaji hana haraka ya faida. Hutafuta kampuni inayokua, na alama ya kukua iliyo nyepesi kuonekana, kabla ya faida na pengine hata kabla ya bidhaa, ni idadi ya watu. Kampuni changa iliyopata fedha za wawekezaji mwanzoni mwa mwaka ilitarajiwa kuwa imejaza madawati kabla mwaka haujafika nusu, na mkuu aliyethubutu kusema tungoje kwanza tuone, alionekana hana himma. Kisha riba ikaanza kupanda Machi 2022, na kufikia Julai 2023 ilikwisha kupita asilimia tano. Ile dola ya miaka kumi ijayo ikapungua thamani, na wale wale waliokuwa wakisifu ukuaji wakaanza kudai ubanaji wa matumizi. Wahandisi hawakuwa wamebadilika, wala bidhaa walizozitengeneza. Kilichobadilika ni bei ya fedha, nayo iliamuliwa mjini Washington na watu ambao shabaha yao ilikuwa kushusha mfumuko wa bei.

Sababu ya pili, isiyotajwa sana, ni namna ya kulipa. Sehemu kubwa ya ujira wa mhandisi wa kampuni hizi huwa ni hisa za ahadi, anazokabidhiwa kidogo kidogo, aghalabu kwa muda wa miaka minne. Bei ya hisa ikiwa juu, kampuni humvuta mtu kwa hisa chache na fedha taslimu kidogo, hata kila anayeajiriwa huonekana rahisi. Bei ikianguka, kama hisa za Meta zilivyopoteza karibu theluthi mbili ya thamani yake katika mwaka 2022, ahadi zile hunyauka machoni pa mwajiriwa, kampuni hulazimika kutoa hisa nyingi zaidi ili kumtuliza, na wenye hisa wa zamani hulalamika kuwa fungu lao linamegwa. Hapo ndipo mtu yule yule, mwenye ujuzi ule ule, aliyehesabiwa kuwa hazina mwaka uliotangulia, huhamishiwa katika safu ya gharama.

Sababu ya tatu imo ofisini, nami nimeiona kwa karibu katika miaka niliyosimamia wahandisi wa programu na kukaa katika vikao vya bajeti. Mwaka unapokaribia kwisha, msimamizi wa idara huulizwa anahitaji nafasi ngapi. Anayehitaji sita huomba kumi, kwa kuwa anajua idara ya fedha itakata. Idara ya fedha nayo, ikijua kuwa ameongeza, hukata. Na mwaka ambao fedha ni nyingi, haikati. Nafasi isiyojazwa kabla ya Desemba hurudishwa, kwa hiyo mwezi wa Novemba usaili huharakishwa, masharti hulegezwa, na mtu huajiriwa ili nafasi isipotee, ijapokuwa hapana aliyeandika mahali popote kazi atakayoifanya. Fauka ya hayo, cheo cha msimamizi na mshahara wake hupimwa kwa idadi ya watu walio chini yake, hata mwenye kuifanya kazi kwa watu wanane huonekana mdogo kuliko mwenye kuifanya kazi ile ile kwa watu ishirini. Hakuna mjinga katika vikao vile. Kila mmoja hutenda lililo jema kwa idara yake, na jumla ya mema yote huwa ni kampuni yenye watu isiyowahitaji. Nimemshuhudia kijana aliyeacha kazi ya kudumu benki kwa kuitikia wito wa namna hiyo. Alipewa kompyuta mpya na fulana yenye nembo, akakaa wiki nyingi akihudhuria mikutano asiyokuwa na la kusema ndani yake, kila Jumatatu akimwuliza kiongozi wake aanzie wapi, na kila Jumatatu akijibiwa asubiri mpango upitishwe. Siku ya kupunguza ilipofika, jina lake lilikuwa miongoni mwa ya mwanzo katika orodha ya wasio na mchango. Taksiri ile haikuwa yake hata chembe, walakini ndiye aliyerudi nyumbani kuieleza.

Ipo na sababu ya kodi, ambayo nje ya Marekani haijulikani sana ingawa yatuhusu. Sheria ya kodi ya Marekani ya mwaka 2017 ilikuwa na kifungu kilichoanza kutumika mwaka 2022, kilichozilazimisha kampuni kuzigawa gharama za utafiti na za kuunda programu katika miaka mitano, na kwa kazi iliyofanyika nje ya Marekani miaka kumi na mitano, badala ya kuziondoa zote katika mapato ya mwaka ule ule. Kwa kampuni ndogo mshahara wa mhandisi ukawa ghafla mzito kuliko ulivyoandikwa katika mkataba. Kwa kazi ya ndani ya nchi sharti hilo liliondolewa Julai 2025. Kwa kazi ya nje limebaki, na vijana wetu wanaowaandikia Wamarekani programu wakiwa Nairobi, Kigali au Dar es Salaam yawapasa kulijua, kwa sababu laweza kukata mkataba wao bila wao kukosea neno.

Baada ya kuona kinachosukuma kuajiri, tutazame malipo ya kupunguza. Tarehe 1 Februari 2023, chini ya miezi mitatu baada ya watu 11,000 kuagwa, Meta ilitangaza mapato yaliyozidi matarajio ya soko, ikaahidi kuendelea kubana matumizi, na ikatenga dola bilioni 40 zaidi za kununua tena hisa zake yenyewe. Siku ya pili yake bei ya hisa ilipanda kwa asilimia 23 hivi, na mwezi uliofuata watu wengine 10,000 wakaambiwa nao wataondoka. Alphabet iliwaachisha watu 12,000 mwezi Januari, na mwezi Aprili ikaidhinisha dola bilioni 70 kwa kununua hisa zake, katika mwezi ule ule ambao ilibainika kwamba mkuu wake, Sundar Pichai, alipewa ujira wa takriban dola milioni 226 kwa mwaka 2022, ambao sehemu yake kubwa ni hisa zinazotolewa kila miaka mitatu. Pichai alikuwa ameandika kwamba anabeba dhamana yote ya maamuzi yaliyowafikisha pale. Nami nauliza kwa dhati: dhamana isiyopunguza mshahara, wala cheo, wala hisa, ni dhamana ya namna gani? Jeffrey Pfeffer wa Chuo Kikuu cha Stanford amekuwa akieleza kwa miaka mingi kwamba kampuni huachisha watu kwa kuigana, na hesabu za kampuni moja moja zina nafasi ndogo katika uamuzi huo. Na mtu aliyeona jinsi soko lilivyomlipa wa kwanza kupunguza hatashangaa kwamba wa pili na wa tatu walifuata.

Hoja nne husikika kila jambo hili linapozungumzwa, na zote zina upungufu. Inasemwa kwamba akili mnemba ndiyo iliyowatoa watu hawa kazini. Tarehe zinakataa: ChatGPT ilitolewa kwa umma 30 Novemba 2022, wiki tatu baada ya barua ya Zuckerberg, na baada ya Twitter, iliyokuwa imenunuliwa punde na Elon Musk, kuwaondoa takriban nusu ya watu wake, wakiwamo karibu wote wa ofisi ya Accra iliyokuwa na siku chache tu tangu kufunguliwa. Kwa miaka iliyofuata lipo neno la kweli ndani ya dhana hiyo, lakini silo linalodhaniwa. Microsoft iliyoachisha watu 6,000 hivi Mei 2025 na 9,000 hivi mwezi Julai ndiyo iliyokuwa imetangaza kutumia dola bilioni 80 katika mwaka mmoja wa fedha kwa vituo vya seva za akili mnemba. Fungu la ujira likahamia katika mitambo kabla mitambo haijathibitisha kwamba yaweza kuifanya kazi ya walioondoka.

Inasemwa pia kwamba walioachishwa walikuwa wazembe. Asubuhi ya 20 Januari 2023 waajiriwa wa Google nchini Marekani walikuta akaunti zao za kazi zimefungwa, na barua ya kuagwa imetumwa katika anwani zao za binafsi, na miongoni mwao walikuwamo waliotumika zaidi ya miaka kumi na waliosifiwa katika tathmini za karibuni. Wasimamizi wengi hawakujua nani ameondoka mpaka walipoanza kuwatafuta watu wao na kukuta hawapatikani. Ikiwa msimamizi anayeijua kazi ya mtu hakuulizwa, uzembe ulipimwa na nani?

Kuhusu madai kwamba kampuni zilikuwa zikizama, yatosha kusema kuwa Meta ilimaliza mwaka 2022 kwa faida ya takriban dola bilioni 23 na Alphabet takriban bilioni 60.

Hoja ya nne ndiyo inayoniuma, nayo ni ile isemayo kwamba watu hawa ni matajiri, hawahitaji huruma yetu. Ni kweli kwamba Meta na Google ziliwapa waajiriwa wao wa Marekani ujira wa wiki 16 na wiki mbili zaidi kwa kila mwaka wa utumishi, na si haki kulificha hilo. Walakini mgeni aliyeko Marekani kwa kibali cha H-1B, akiachishwa kazi, ana siku 60 tu za kupata mwajiri mwingine au kuondoka na watoto waliokwisha kuzoea shule. Tena ufundi wa kampuni hizi umeegemea watu ambao hawakuwahi kupewa hisa wala kuhesabiwa katika zile takwimu. Jijini Nairobi, watu waliokuwa wakichuja picha na maneno ya Facebook kwa lugha za Afrika, wakitazama mauaji na ukatili siku nzima ili wengine wasiyaone, waliajiriwa na kampuni ya kati iitwayo Sama. Januari 2023 Sama ilitangaza kuiacha kazi hiyo, na watu zaidi ya 200 wakaambiwa kuwa nafasi zao zimekwisha. Wachujaji 184 walikwenda mahakamani, wakidai kwamba wameachishwa kinyume cha sheria na kwamba wamezuiwa kuajiriwa na kampuni nyingine iliyopewa kazi ile ile. Meta ilijibu kwamba haina makao Kenya wala si mwajiri wao. Juni 2023 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, katika amri ya muda, iliiona Meta kuwa ndiyo mwajiri hasa, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani iliikatalia Meta rufaa yake, ikasema kwamba yaweza kushtakiwa Kenya. Hukumu hizo, kwa maoni yangu, zina uzito kuliko barua zote za majuto zilizotoka California, kwa sababu zimeugusa mzizi: nani aliamua, na nani alipe.

Yuko mpinzani mmoja ninayemheshimu, naye ni yule asemaye kwamba mwajiri asipokuwa huru kupunguza hatakuwa na ujasiri wa kuajiri, na kwamba vijana ndio watakaokosa nafasi. Neno lake lina uzito, ila lingekuwa na uzito zaidi kama zile kampuni zote zingetenda sawa. Apple ilikuwa na watu 137,000 Septemba 2019 na 164,000 Septemba 2022, yaani iliongeza moja ya tano hivi wakati Alphabet ikiongeza zaidi ya nusu na Meta ikikaribia maradufu, na katika miezi ile ya mkupuo haikuwa na haja ya kuachisha maelfu. Maradhi yalikuwa yale yale, riba ile ile, wahandisi wa soko lile lile. Hiari ya wakuu ndiyo iliyotofautiana. Nintendo nayo ilipopata hasara, Satoru Iwata aliyekuwa mkuu wake alikataa kupunguza watu kwa ajili ya kupendezesha hesabu za mwaka, akasema kwamba watu wenye hofu ya kuachishwa hawawezi kubuni mchezo utakaowagusa watu duniani, na Januari 2014 akakata nusu ya mshahara wake mwenyewe kwa miezi mitano. Sidai kwamba kila kampuni yaweza kuwa Nintendo yenye akiba kubwa ya fedha. Nadai kwamba njia ilikuwapo, na watu wenye akili waliipita.

Dawa, basi, ianzie pale uamuzi unapofanyika. Bodi ya wakurugenzi inayoidhinisha kuongeza watu kwa theluthi au nusu katika mwaka mmoja iandike katika mkataba wa mkuu kwamba, watu wakiachishwa kwa mkupuo ndani ya miaka mitatu inayofuata, hisa zake za ahadi zitapungua kwa kiwango kile kile. Nina yakini kwamba makisio yangekuwa ya hadhari mara moja, bila sheria yoyote mpya. Idara zisipimwe kwa idadi ya watu, wala nafasi isiyojazwa isihesabiwe kuwa imepotea mwaka unapokwisha, kwani kanuni hiyo moja huingiza kazini watu wengi wasiohitajika kuliko tamaa ya mkuu yeyote.

Kwa upande wa sheria, sisi hatuko mikono mitupu kama tunavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu cha 38, yamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane juu ya namna ya kuepuka au kupunguza jambo hilo kabla halijatendeka. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 40, yataka taarifa ya mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi, au kwa mfanyakazi mwenyewe asiye na chama, na pia kwa ofisa wa kazi, na malipo yasiyopungua ujira wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Upungufu ni kwamba kampuni za teknolojia huwaandika vijana kwa mikataba ya miezi michache, au huwaita wakandarasi huru ilhali wanaingia kazini saa ile ile na kuamriwa na msimamizi yule yule, na hivyo vifungu vile hubaki vitabuni. Hilo ndilo Bunge la Dodoma na la Nairobi yapasa kulishughulikia: mwenye kuiongoza kazi ahesabiwe mwajiri, awe amekaa jengo lile au amejificha nyuma ya wakala, na muda wa utumishi uhesabiwe tangu mkataba wa kwanza.

Nanyi vijana mnaojiandaa kwa kazi hii, ambayo ni kazi nzuri na bado inawahitaji, mkiitwa usailini msiulize mshahara peke yake. Ulizeni nafasi hii imefunguliwa kwa kazi gani iliyokwisha kuandikwa, nani aliyekuwa akiifanya kabla yenu, fedha zake zimetengwa kwa muda gani, na mkataba unamtaja nani kuwa mwajiri. Msailiwa anayestahiki kuajiriwa anastahiki majibu hayo, na kampuni isiyoweza kuyatoa haijawa tayari kuajiri.